Flashi ikikaa mbali na kamera: ujumbe ni kitu kimoja, mwanga ni kingine

Mpiga picha anayeanza kazi za harusi hapa Kisumu akishapata kamera na lenzi moja nzuri, kinachofuata huwa ni flashi, na muda si mrefu anatamani kuiondoa juu ya kamera. Ana sababu. Flashi iliyokaa juu ya kamera inaupiga uso kutoka palepale lenzi inapotazama, kwa hiyo kivuli chote kinajificha nyuma ya mtu na uso unabaki bapa, paji likimetameta na pua ikipotea. Flashi hiyohiyo ukiisogeza mita mbili kando na kuiinua juu kidogo ya kichwa, uso unapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na macho yanachangamka. Taabu huanza pale flashi inapokuwa kwenye stendi, kamera iko mkononi, na katikati yake hakuna waya.

Mkanganyiko mwingi, kwa maoni yangu, hutokana na kuchanganya mambo mawili yasiyohusiana sana. La kwanza ni ujumbe: kamera inaiambiaje flashi kwamba sasa ndio wakati wa kuwaka? La pili ni mwanga wenyewe: ukishawaka ni mwingi kiasi gani, unatoka wapi, na unachanganyikaje na mwanga uliokuwepo? Flashi isipowaka, tafuta kosa kwenye ujumbe. Ikiwaka na picha ikawa mbaya, kosa liko kwenye mwanga, na hata ukinunua triga (kifaa kinachotuma ujumbe huo) ghali kuliko zote sokoni picha itabaki vilevile.

Ujumbe unavyosafiri

Kuna waya, kuna mwanga, na kuna redio.

Waya hautaki maelezo. Haukosei, lakini unakufunga hatua chache kutoka kwenye flashi, na katika ukumbi wenye watoto wanaokimbia stendi italala chini kabla keki haijakatwa.

Njia ya pili ni mwako mmoja kuita mwingine. Flashi nyingi zina kijicho mbele, kinachotambua flashi nyingine inapowaka na kuiwasha hii papo hapo. Kwenye flashi za Godox na Yongnuo hali hii imeandikwa S1 na S2. S1 inaitikia mwako wa kwanza kabisa inaouona. S2 inaupuuza ule mwako mdogo ambao flashi ya TTL (hali ambapo kamera na flashi hupanga nguvu zenyewe) hutoa mapema ili kupima mwanga, kisha inaitikia mwako wenyewe. Huhitaji kununua kitu cha ziada, na ndani ya chumba kidogo cha studio inafanya kazi vizuri. Harusini ni balaa. Kila mjomba aliyekuja na kamera yake anaiwasha flashi yako, na wewe ukibonyeza, yako bado inajaza nguvu. Nje juani kijicho hicho mara nyingi hakioni kitu, na mtu mmoja akisimama katikati, mawasiliano yamekatika. Hata mifumo ya kampuni kubwa ilitegemea mwanga kwa miaka mingi. Canon walitoa flashi yenye redio ndani yake, 600EX-RT, mwaka 2012, na Nikon wakaja na SB-5000 mwaka 2016.

Redio ndiyo njia ya siku hizi. Nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya Wi-Fi. Mawimbi hayo hupita kwenye kitambaa cha softiboksi (boksi la kulainisha mwanga wa flashi), huzunguka nguzo ya kanisa, na hayajali jua. Boksi huandika mita 100. Ukumbini, penye watu mia kadhaa na simu zao mifukoni, usiitegemee namba hiyo, ingawa kazi ya harusi mara chache huvuka mita 20.

Triga hukaa kwenye hotishuu, ile sehemu ya chuma juu ya kamera inayochomekewa flashi. Itazame vizuri kabla hujatoa pesa. Katikati kuna pini moja kubwa, na kandokando kuna vipini vidogo. Ile ya katikati inasema neno moja tu, “waka”. Vile vidogo ndivyo vinavyobeba mengine, yaani TTL, HSS (ya kupiga kwa kasi kubwa ya shata, tutaifikia) na zoom ya flashi (kubana au kutawanya mwanga wake), na kila kampuni imevipanga kivyake. Ndiyo maana triga ya muundo uleule huuzwa na herufi tofauti mwishoni: C ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Ukichomeka ya N juu ya Canon, usitarajie TTL wala HSS.

Halafu kuna kamera zisizo na pini ya katikati kabisa. Canon EOS 250D ya mwaka 2019 ni mojawapo, na si peke yake kati ya kamera za bei nafuu za Canon. Triga rahisi ya pini moja haitawasha chochote juu ya kamera hiyo. Inataka triga inayoelewa mpangilio wa Canon. Anayenunua kamera iliyotumika aombe picha ya juu ya hotishuu kabla ya kutuma pesa. Wauzaji wengi hupiga picha ya skrini na lenzi, hapo juu hawagusi.

Jambo jingine linaloumiza mifuko: triga ya Godox haiwashi redio ya ndani ya flashi ya Yongnuo, wala kinyume chake, hata kama zote mbili ziko kwenye 2.4 GHz. Ukirithi flashi za pande zote mbili unaweza kuweka kipokezi cha Godox chini ya mguu wa ile Yongnuo, na itawaka, ila huenda nguvu yake ukalazimika kuibadilisha kwa mkono kwenye stendi. Mimi ningechagua familia moja nikae nayo. Kati ya hizo mbili leo ningeenda Godox, kwa sababu triga moja inaongoza flashi ndogo ya betri za AA, AD200 yenye nguvu zaidi na zile kubwa za studio bila kubadilisha chochote.

Chaneli na kundi huchanganywa sana. Chaneli lazima iwe moja kwa vifaa vyako vyote, la sivyo havisikilizani. Kundi ni jina unaloipa flashi ili uitawale peke yake: A ni ile inayopiga uso, B ni ile ya nyuma, C labda ya ukutani. Ukiwa umesimama na kamera unaipunguza B bila kumgusa A. Triga nyingi hutoka kiwandani zikiwa chaneli 1, na hapo ndipo kisa cha wapiga picha wawili kwenye ukumbi mmoja huanzia, kila mmoja akiwasha flashi za mwenzake. Badilisha chaneli kabla ya kutoka nyumbani. Triga zenye namba ya ziada ya utambulisho, yaani ID, ziwekee moja, na usiweke 01.

Flashi isipowaka, anza na mambo madogo. Je, imelala? Nyingi hujizima zenyewe kuhifadhi betri. Iko kwenye hali ya redio, au imebaki S1 tangu jana? Kundi limezimwa kwenye triga? Je, triga imekaa sawasawa, au imeingia nusu? Vyote vikiwa sawa, angalia kamera. Kamera nyingi zisizo na kioo (mirrorless) hazitoi amri ya flashi kabisa zikiwa kwenye shata ya kimya, ile ya kielektroniki. Umeipenda kwa sababu haisumbui ibada, kisha unatoka nje ya kanisa na flashi imekuwa bubu. Kwenye Canon za kioo (DSLR), ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma huku hali ya kimya ya skrini hiyo ikiwa imewashwa, flashi za kampuni nyingine hazitawaka. Na kuna hili la ajabu: flashi inaweza kushindwa kusikia kwa kuwa karibu mno. Baadhi ya triga za Godox zina chaguo la umbali, mita 0 hadi 30 au 1 hadi 100. Ukifanya kazi kwenye chumba kidogo, chagua lile la kwanza.

Pazia mbili

Kati ya ujumbe na mwanga kuna mlango mmoja, nao ni shata. Ndani ya kamera nyingi shata ina mapazia mawili yanayopita mbele ya sensa, sehemu inayonasa picha. La kwanza linafungua, la pili linafuata na kufunga. Katika kasi ndogo, kama 1/60 au 1/125 ya sekunde, kuna muda ambapo la kwanza limeshamaliza safari na la pili halijaanza, sensa nzima iko wazi. Flashi inawaka ndani ya muda huo. Mwako wenyewe ni mfupi sana: kwenye nguvu kamili ni sehemu ndogo ya sekunde, na kwenye nguvu ya chini kabisa unaweza kuwa mfupi kuliko 1/10000.

Kasi ikipanda, pazia la pili linalazimika kuondoka kabla la kwanza halijafika mwisho, na sensa inaonyeshwa mwanga kupitia ufa unaosogea. Flashi ikiwaka mara moja hapo, inaangazia ufa huo tu. Ndipo unapoona picha yenye mkanda mweusi, na mtu analaumu triga. Kasi ya juu kabisa ambayo sensa nzima bado iko wazi huitwa kasi ya kuoanisha, na kwenye kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Canon 6D ni 1/180. Triga za bei rahisi huchelewesha ujumbe kidogo, kwa hiyo ukiona kivuli chembamba pembeni kwenye 1/250, shuka hadi 1/200 na kitaondoka.

HSS ni hila ya kuvuka mpaka huo. Badala ya mwako mmoja mkubwa, flashi inatoa vimwako vingi mfululizo wakati wote ufa unapopita, kama taa inayowaka bila kukatika. Inafaa, ila inalipiwa: nguvu inashuka takriban stopu mbili mara tu unapoingia HSS. Stopu moja, kwa asiyezoea neno hili, ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Stopu mbili ni kubaki na robo.

Picha moja, mwanga wa aina mbili

Sasa tuko kwenye mwanga, na hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu.

Kila picha ya flashi ina picha mbili ndani yake: ya mwanga uliopo, na ya mwanga wa flashi. Shata inaamua ya kwanza peke yake, kwa sababu mwako umeshapita zamani hata kama shata imekaa wazi nusu sekunde. Tundu la lenzi (namba za f, kama f/4) na ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) vinagusa zote mbili. Nguvu ya flashi na umbali wake kutoka kwa mtu vinaamua ya pili peke yake. Ukilielewa hilo, mengine yote ni hesabu.

Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, ni mahali pazuri pa kulijaribu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua hutua kati ya saa 12 na nusu na saa 1 kasoro mwaka mzima. Linashuka wima, halijivuti. Kutoka machweo hadi giza kuanza kutanda ni dakika 20 na kidogo, ilhali London mwezi wa Juni ni zaidi ya 40. Katika dakika hizo 20 mwanga wa anga hupungua kama stopu saba, yaani takriban stopu moja kila dakika tatu.

Bibi harusi amesimama kwenye gati la mbao, ziwa na anga ya machungwa nyuma yake. Zima flashi kwanza. Tafuta anga tu: tuseme ISO 200, f/4, 1/125, na anga inatoka na rangi yake, naye ni kivuli cheusi. Hiyo ndiyo picha ya kwanza, na umeshaipata. Sasa washa flashi ndani ya softiboksi, mita 2 kutoka kwake, upande na juu kidogo, nguvu 1/8 ya ile kamili. Kwa flashi ndogo ya kawaida hapo utakuwa karibu sana na unachotaka. Uso ukiwa mkali, shuka 1/16. Ukiwa hafifu, panda 1/4. Usiguse tundu la lenzi, maana utaharibu anga uliyokwisha kuipata.

Dakika tatu baadaye anga imefifia. Usihangaike na flashi. Punguza shata hadi 1/60, baadaye 1/30, anga inarudi, na uso unabaki vilevile picha baada ya picha. Chini ya hapo mkono unaanza kutikisika na anga kuwa na ukungu wa mwendo, basi panda ISO na upunguze flashi kwa kiasi hichohicho: ISO 400, flashi 1/16.

Aliyezoea TTL atauliza kwa nini asiiachie mashine. Ndani ya umati unaosogea, flashi ikipigwa kwenye dari, TTL inasaidia kweli. Lakini mashine inatafuta wastani. Ikiona shela jeupe limejaa fremu, inapunguza mwanga, na shela linakuwa la kijivu huku uso mweusi wa bibi harusi ukizama. Ikiona suti nyeusi mbele ya ukuta wa giza, inaongeza, na nyuso zinaungua. Sisi tunapiga mambo hayo mawili kila Jumamosi, mara nyingi kwenye picha moja. Mkiwa mmesimama mahali pamoja na umbali wa flashi haubadiliki, mkono ni wa kuaminika kuliko mashine.

Jua la saa saba

Ratiba za harusi hazijali mwanga mzuri. Ibada inatoka saa saba, familia inataka picha uwanjani mara moja. Kwa saa zetu jua la Kisumu hufika kileleni karibu na saa sita na dakika 40, na miezi ya Machi na Septemba linakuwa karibu juu ya utosi. Macho yanakuwa mashimo meusi.

Tufanye hesabu. Jua kali kwa ISO 100 linataka karibu f/16 kwa 1/100, au f/11 kwa 1/200. Kwa hiyo flashi yako lazima ifikie f/11 ili ionekane. Boksi la flashi limeandikwa GN 60, namba ya nguvu ya flashi. Namba hiyo ukiigawa kwa umbali wa mita unapata tundu la lenzi kwa ISO 100, lakini imepimwa zoom ya flashi ikiwa 200. Kwa zoom ya 35, flashi ya daraja hilo inashuka hadi kama 36. Gawa 36 kwa 11: mita 3 na kidogo, flashi ikiwa uchi, nguvu kamili. Weka mwavuli wa kulainisha mwanga, unakula takriban stopu mbili, umbali unakatika nusu: mita 1.6. Ukitaka anga iwe nzito zaidi, f/16, unabaki na mita 1. Yaani picha ya mabega kwenda juu, flashi ikisubiri sekunde kadhaa kila baada ya mwako, na baada ya muda inapata joto na kujizima.

Ndiyo sababu mwenye flashi moja ndogo hawezi kulishinda jua kwenye picha ya watu 12, hata akiwa na triga gani. Ukitaka f/2.8 ya mandhari laini, shata inapanda hadi 1/3200 na HSS inakuchukulia stopu mbili nyingine. Badala yake unaweza kufunga kichujio cheusi cha stopu nne mbele ya lenzi: unabaki 1/200, unafungua f/2.8, na flashi haipotezi zile mbili za HSS. Kwenye kamera ya kioo kitundu cha kutazamia kinakuwa giza na lenzi inapata shida kulenga. Au nunua nguvu zaidi. AD200 ina karibu mara tatu ya flashi ndogo. Au, na hili ni la bure, wahamishe watu chini ya mwembe. Kivulini mwanga unashuka stopu tatu au nne kuliko juani, flashi yako ndogo inakuwa tena na kazi ya kufanya. Nikiwa na chaguo, mwembe.

Umbali, watu wengi, na ngozi

Mwanga ukisafiri umbali mara mbili, unabaki robo. Kutoka mita 1 hadi 2 ni stopu mbili. Kutoka mita 5 hadi 6 ni nusu stopu tu. Kwenye picha za ayie, sherehe ya Kiluo ya kabla ya ndoa, ukoo mzima unajipanga safu tatu mbele ya nyumba. Ukiweka flashi mita 1.5 kutoka safu ya mbele na safu ya nyuma iko mita 3.5, walio nyuma watapata mwanga pungufu kwa zaidi ya stopu mbili, na hao ndio wazee waliosimama. Isogeze hadi mita 5, walio nyuma wawe mita 7, tofauti inakuwa stopu moja, na ukiiinua juu inapungua zaidi. Utahitaji nguvu zaidi, bila shaka. Hakuna namna ya kukwepa.

Ngozi nyeusi haitaki “mwanga mwingi zaidi”, ingawa ushauri huo hauishi kusikika. Inataka chanzo kikubwa. Flashi uchi ni nukta, na kwenye ngozi yenye mafuta kidogo au jasho la Kisumu nukta hiyo inarudi kama doa jeupe kwenye paji la uso. Softiboksi ya sentimita 80 au 90 iliyosogezwa karibu inatandaza mng'ao huo ukawa mteremko laini unaochora shavu na taya. Mng'ao ndio unaoonyesha umbo la uso mweusi, kwa hiyo ulainishe, usiupake poda hadi uishe. Kisha weka flashi ya pili, kundi B, nyuma ya mtu na kando, nguvu ndogo, imchore ukingo wa kichwa na mabega, asimezwe na ukuta wa giza. Wapiga picha wengi hununua lenzi ya pili kabla ya flashi ya pili. Ningegeuza.

Rangi nayo ipitiwe haraka. Flashi ni nyeupe ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5500 hivi. Balbu za njano ziko 2700 hadi 3200. Ukipiga ukumbini bila kujali, mtu anakuwa sawa na nyuma inakuwa chungwa. Funga jeli ya chungwa (kipande cha plastiki chenye rangi) kwenye flashi, weka mpangilio wa rangi wa kamera kwenye alama ya balbu, vyote vinalingana. Hema nyeupe unaweza kuipiga flashi juu yake na mwanga ukarudi laini. Hema ya zambarau itamrudishia bibi harusi uso wa zambarau.

Vya kubeba

Upepo wa ziwa huamka mchana na kuvuma kuelekea nchi kavu, nao hautoi onyo. Mwavuli kwenye stendi ni tanga la mashua. Hippo Point, au kule juu Menengai kwa jamaa wa Nakuru, stendi isiyo na mfuko wa mchanga ni flashi iliyovunjika inayosubiri saa yake. Mifuko hiyo ibebe mitupu kwenye boda boda. Kokoto utazikuta hukohuko. Bora zaidi ni mtu wa kuishika, na softiboksi ndogo yenye matundu ya kupitisha upepo kuliko mwavuli mpana.

Betri ziwe za kuchajiwa, za NiMH, seti za nne nne zilizowekewa alama, na usichanganye ya seti hii na ile. Zinajaza flashi haraka kuliko betri za kawaida za dukani, ingawa zimeandikwa volti 1.2. Stima ikipotea ukumbini, flashi zako hazitajua.

Na kabla ya sherehe kuanza, mtafute mpiga video. Kamera yake inasoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo kila mwako wako unamwachia fremu iliyo nusu nyeupe, nusu ya kawaida, na hakuna programu inayoirekebisha kirahisi. Kubalianeni ni dakika zipi flashi zitanyamaza. Kwa kawaida ni wakati wa viapo na wakati wazazi wanazungumza. Hapo ISO ipande, tundu lifunguke, triga izimwe.